Mikono Yenye Pilipili

Mzee wa kanisa Pyo alifika uani, nyuma ya kanisa, na shati lake jeupe, akawakuta kina mama wakipaka pilipili kwenye kabichi za kimchi, achari ya majira ya baridi. Glavu zao zilikuwa nyekundu hadi viwikoni.

"Kina mama, ile video ya mchungaji msiitazame. Aliyenayo aifute. Ni vita dhidi ya nyumba ya Bwana."

"Amina," wakaitikia.

"Na huyo msichana anayesema humo ni wa kukodiwa," akadakia Bi Noh, kiongozi wa kwaya. "Siku hizi hata machozi yanauzwa."

Wengine wakacheka. Mama Se-hwa hakucheka. Binti yake alizikwa majira ya machipuko. Kabla ugonjwa haujammaliza, aliwaeleza waandishi wa habari yale mchungaji aliyomtendea ofisini. Uso wake waliuficha, lakini sauti alikataa ibadilishwe. "Nataka kanisani wanijue, mama." Na kanisani hakuna aliyekubali kusikiliza.

Mama Se-hwa alivua glavu moja, akaegemeza simu kwenye beseni la figili, akabonyeza ile video icheze. Kisha akaivaa tena na kuutumbukiza mkono kwenye pilipili.

"We! Zima hiyo!" akafoka Bi Noh.

"Kwa mikono hii, dada? Zima wewe."

Kila mmoja akaitazama mikono yake. Aliyekuwa msafi ni Mzee Pyo peke yake. Akapiga hatua. Mama Se-hwa akasimama mbele ya beseni, viganja juu, pilipili ikimchuruzika.

"Karibu, Mzee. Ila shati hilo mkeo atalifua mpaka Pasaka."

"Mama Se-hwa, unaipa dunia sababu ya kutucheka!"

"Dunia haikumgusa mwanangu. Aliyemgusa tunamwita mchungaji. Nitasali hapa, nitapika hapa, na kanisa hili simwachii mtu. Lakini leo mtamsikia."

Sauti ikaendelea, nzito kidogo, ikipumua kabla ya kila sentensi kama mtu anayesubiri kinanda. Mikono ikatulia kwenye kabichi.

Bi Noh aliinamisha kichwa. Kwa miaka mingi pumzi hiyo ilikuwa kando ya sikio lake kwenye kwaya.

"Ni Se-hwa," akasema.

"Bi Noh!" Mzee Pyo akamkemea.

Bi Noh akavua glavu zake, zote mbili, akaichukua simu.

"Subiri, Mzee. Nairudisha mwanzo. Wale wanaokata vitunguu kule nyuma hawajasikia."