Paka Hakugeuka

Masikio yangu yalianza kuniaga polepole, kwanza la kushoto, kisha la kulia, na mjukuu wangu ndiye aliyeshika nafasi yao. Alikuwa bado mdogo wa kukaa chini ya meza ya cherehani akichezea vipande vya kitambaa. Mlango ukigongwa, alinivuta gauni. Sufuria ikichemka, alinivuta gauni. Mtu akipita nje akanisalimu nami nisimjibu, yeye alimjibu kwa niaba yangu, kisha akaniambia ni nani, nisije nikaitwa bibi mwenye maringo. Ndiyo maana nikamwita Sikio. Sasa ni msichana wa sekondari, amenipita kimo, na jina halijamtoka.

Tunaishi wanne, ukimhesabu paka. Chumba cha mbele ndicho cha kazi. Mimi na Sikio tunashona mashuka na foronya za nyumba za wageni, mimi mchana kutwa, yeye akitoka shule. Mwanangu, baba yake Sikio, anapiga pasi na kukunja kwenye meza ya dirishani, na shuka likipita mikononi mwake utadhani halijawahi kukunjwa na mtu mwingine duniani.

Mwanangu aliugua akiwa kijana, Sikio akiwa bado ananyonya, kabla mama yake mtoto hajafariki. Alianza kusikia watu wakimsema. Tulidhani ni uchovu, kisha tukadhani ni ukaidi, na huku tukidhani akajifungia chumbani mpaka ndevu zikamfika kifuani. Alipofikishwa kliniki, ugonjwa ulikuwa umeshahamia na vyombo vyake vyote. Siku hizi anatumia dawa na ametulia. Ila maneno yake ni machache, na mengi ya ujana yalimpita akiwa nyuma ya mlango.

Paka ni wake. Hulala ndani ya kikapu cha vipande vya kitambaa, na kumwamsha ni shughuli.

Mambo yalianza mchana mmoja wa kawaida. Sikio alinivuta gauni, akaniambia mlango. Nikaenda nikafungua, nikakuta jua na vumbi. Akasema basi atakuwa ameondoka. Siku nyingine tena, mlango. Nikafungua, hakuna mtu. Sikushangaa. Watoto wa mtaa hugonga wakakimbia, na mimi kwa jinsi ninavyochelewa kufika ningekuwa mchezo mzuri kwao. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiamini masikio ya mtoto huyu kuliko ninavyoamini macho yangu.

Lakini kuna siku nilirudi kutoka mlangoni nikanusa kitambaa kinaungua. Mwanangu, ambaye hajawahi kuunguza hata leso, alikuwa ameacha pasi juu ya shuka. Alikuwa anamtazama paka. Sikio alipotoka kwenda kuchota maji, alinisogelea kwenye sikio la kulia, ambalo bado linapokea likipewa maneno kwa karibu; ya mbali nayasoma midomoni.

"Mama," akasema, "mlango haukugongwa. Paka hakugeuka."

Nilimwelewa papo hapo. Mwanangu bado husikia vitu siku moja moja, hata na dawa, na amejizoeza kwamba akisikia kitu humtazama paka kwanza. Paka akigeuza masikio, basi sauti hiyo ni ya watu wote. Paka akiendelea kulala, hiyo ni ya kwake peke yake, anaiacha ipite. Nesi wa kliniki alipoelezwa alicheka kwa furaha, akauliza kama huyo paka hana ndugu zake wa kugawiwa wagonjwa wengine.

Tangu siku ile macho yangu yakaanza kufanya kazi ya ziada. Nikaona kwamba Sikio anabeba sahani yake na kwenda kula uani, ameupa ukuta mgongo. Nikaona rafiki zake hawapiti tena kumchukua. Macho yake yalikuwa mekundu kila asubuhi. Ukuta unaotutenganisha na stoo ya fundi seremala una ufa mdogo, nao ulikuwa umejazwa vipande vya kitambaa, vimesokomezwa kwa ncha ya mkasi, vimebana kabisa. Zamani nikiweka kiganja mezani huku anashona nilikuwa nasikia cherehani ikienda mfululizo kama mvua ya masika. Sasa ilikwenda ikasimama, ikaenda ikasimama, kama mtu anayetembea njiani na kudhani anafuatwa.

Siku moja alikuja akanikaribia sana.

"Bibi, yule fundi ananitaja jina, au ni mimi tu?"

Nikaenda ukutani, nikabandika kiganja. Ukuta ule naujua. Msumeno wa fundi hunipanda mpaka kiwikoni, na nyundo huifikia hata shingo. Safari hii ukuta ulikuwa umelala. Nikamwambia hapa hakuna kitu, mjukuu wangu, hebu weka na wewe mkono. Akauweka karibu na wangu.

"Mkononi hakuna," akasema. "Masikioni yupo."

Nilikwenda kwa fundi nikamweleza. Nilitegemea atacheka au atakasirika, maana ni mtu wa masihara mengi. Hakufanya hata moja. Aliondoa penseli sikioni, akanifuata mpaka kwetu, akamwomba Sikio aje aone stoo mwenyewe. Kule ndani alimsogezea mbao moja moja, akamwonyesha kila pembe, na alipomaliza akasema meza yake ya kazi ataihamishia upande wa pili, mwanafunzi apate utulivu. Nzito ile meza. Niliona jioni anaiburuta peke yake.

Sikio alimshukuru vizuri, kwa adabu yote. Tulipofika mlangoni kwetu akanigeukia.

"Walitoka stoo kabla hajafungua," akasema.

Nilisubiri aniulize, au ni mimi tu. Hakuuliza.

Shangazi yake, binti yangu, anafanya kazi saluni na huja kututazama siku yake ya mapumziko. Huja na mafuta ya nywele na maneno mengi. Alimkalisha Sikio katikati ya magoti yake akamsuka kwa upole, kichwa kizima, huku akimsimulia umbea wa saluni mpaka mtoto akatabasamu. Alipomaliza akanivuta jikoni. Akaniambia mtoto ana mitihani, amechoka, basi. Akasema tukimpeleka kule kliniki, jina likishaandikwa halifutiki, na watu watasema ni ukoo. Akanishauri Sikio akisema mlango umegongwa, niseme ndiyo, umegongwa, mgeni ameondoka. Inanipunguzia nini?

Nikamwambia siwezi kumwambia mtoto kuna mtu wakati hakuna mtu.

"Mama, wewe ngurumo tu huisikii," akasema. "Utajuaje kama hakuna mtu?"

Alisema kwa mzaha, na alinishika bega huku akisema. Lakini neno lile lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki, kwa sababu lilikuwa kweli.

Siku ya kliniki ya mwanangu ilipofika nilikwenda naye, na alipokuwa akichukua dawa nikamwomba nesi dakika moja. Nesi huyu ana tabia ya kuinama mpaka alingane na sikio langu, hajawahi kunipigia kelele hata siku moja. Nilimweleza yote, mlango, ufa, cherehani, stoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Bado anawauliza? Bado ana mashaka na anachokisikia?"

Nikasema alikuwa anauliza. Sasa anapunguza.

"Basi mleteni angali anauliza. Pengine si ugonjwa wa baba yake. Pengine hatapewa dawa, tutaongea naye tu, tupange usingizi wake na masomo, tumwangalie kwa karibu. Lakini akiacha kuuliza kabisa, Bibi, tutakuwa na mlima."

Nikarudi nyumbani nimepata nguvu. Nilipokunja kona nikamwona paka nje, amesimama kwa miguu ya nyuma, anakwangua mlango wetu. Mdomo ulikuwa wazi. Sikumsikia lakini nilijua analia.

Ndani giza. Sikio alikuwa amefunga dirisha na kulitundikia shuka la mteja. Alikaa mbele ya cherehani, mikono mapajani, uso umetulia kupita kiasi. Nikamwuliza kwa nini paka yuko nje.

"Ananidanganya," akasema.

Mwanangu alikuwa nyuma yangu na mfuko wake wa dawa. Nilihisi amesimama pale pale kizingitini, hasogei.

Siku zilizofuata hakuniuliza chochote. Nikimwuliza mimi kama amesikia kitu, alinitabasamia kama unavyomtabasamia mgeni unayetaka aondoke. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha pia kuniambia vya kweli. Maji yalichemka mpaka yakakauka, sufuria ikaanza kuungua, na yeye alikuwa hatua chache tu kutoka jikoni. Mteja aligonga mpaka akachoka, akaja kutuchungulia kwa uani. Gauni langu halikuvutwa. Masikio yangu yalikuwa yamehamia kwa watu wengine, na watu hao sikuwajua.

Shangazi yake alipokuja tena na kuona sufuria nyeusi, hakufanya mzaha. Alikaa kwenye benchi akaiweka mapajani. Mchana ule, tukiwa wote chumba cha mbele, nikamwambia Sikio kwamba kuna nesi ningependa akaonane naye, kwamba kuna chumba cha vijana, kwamba ni mazungumzo.

Alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mnataka nirudi kama Baba."

Shangazi yake akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nilimtazama mwanangu. Aliisimamisha pasi, akachomoa waya, akauzungusha taratibu mpaka mwisho kama afanyavyo kila siku. Kisha akaenda kufungua mlango. Paka, aliyekuwa amefungiwa nje tena, akaingia, akampita, akaenda moja kwa moja kikapuni. Mwanangu akarudi, akakaa sakafuni karibu na miguu ya binti yake, mahali pale pale chini ya meza alipokuwa akikaa Sikio utotoni.

"Mimi sikupelekwa, mama," akamwambia binti yake. "Nilikaa. Waliniambia nisiende, nikawasikiliza."

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo niliisoma midomoni:

"Na wewe wanakuambia usiende?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza wanasema nini. Tulikuwa tukimwuliza kama wapo. Nilimwona mtoto akiangalia ukuta, kisha dirisha, kisha baba yake, kama mtu anayepima nani atamsikia akisema.

"Wanasema wewe ndiye umewatuma."

Nilidhani mwanangu atainuka aondoke, maana kuambiwa neno kama hilo na mwanao si kitu kidogo. Hakuinuka. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa jina la jirani wa zamani.

"Wangu walisema ni Bibi," akasema. "Wewe unaonaje?"

Shangazi yake alikuwa ameishika ile sufuria kwa mikono miwili. Mimi niliweka kiganja juu ya meza, nikitafuta hata mtikisiko mdogo, sijui nilitegemea nini.

"Sijui," Sikio akasema, na machozi yakaanza kumdondoka juu ya foronya. "Sijui, Baba."

Ndilo neno tulilokuwa tukiliombea. Binti yangu, yule aliyesema jina likiandikwa halifutiki, alipiga magoti kutafuta viatu vya mtoto chini ya meza, akavipangusa kwa upindo wa gauni lake mwenyewe, akamvisha kimoja kimoja. Hatukungoja kesho.

Kule kliniki tulikaa kwenye benchi refu la mbao, mimi katikati. Ukumbi ulikuwa na milango mingi, yote imefungwa. Watu walipita na benchi likatikisika kidogo chini yangu. Sikio alikuwa anatazama mlango mmoja wa mwisho ambao hakuna aliyeingia wala kutoka, na vidole vyake vilikuwa vinafumua pindo la sketi yake, uzi baada ya uzi. Mbele yetu alikaa mama mmoja na mtoto mchanga begani. Alipoona ninavyomtazama mjukuu wangu, alisogeza begi lake ili tupate nafasi ya miguu, akanitabasamia bila kuuliza kitu.

Tulikaa. Nilianza kuogopa kwamba lile neno lilikuwa limekwisha njiani, kwamba tumeleta mwili wake tu.

Kisha gauni langu likavutwa.

"Bibi," Sikio akasema karibu na sikio langu, "wameniita? Au ni mimi tu?"

Nilimtazama mwanangu. Naye alikuwa ameinua kichwa, na nikaona macho yake yanazunguka ukumbi mzima yakitafuta kikapu ambacho hakikuwapo. Yakatua kwa yule mtoto mchanga. Kichwa chake kidogo kilikuwa kimegeukia kwenye korido.

"Mtoto amegeuka," mwanangu akasema. "Wamekuita. Twende."

Tukainuka. Sikio alitangulia, mkono wake bado umeshika gauni langu kwa nyuma, kama zamani. Nesi alikuwa amesimama kwenye mlango wake, anatungoja. Kabla ya kuingia mtoto alisita, akageuka, akaangalia ule mlango wa mwisho. Mimi sikuona kitu pale. Kisha akanitazama mimi, akamtazama baba yake, akaingia.