Mihadhara ya Baba Mkwe Juu ya Seva

Saa kumi kasoro dakika tano Esnath alifunika kibodi kwa kitambaa cha kudarizi, akafungua dirisha chumba kipate hewa, akatoka kwenda kukaa juu ya gogo nyuma ya ofisi, upande wa migomba. Baba mkwe wake alikuwa karibu kufika kutoa mhadhara, na mke wa mwana haketi chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, wala hatamki jina lake. Mzee huyo alifariki mwaka themanini na nane. Kufa hakuondoi mwiko.

Ofisi ilikuwa ya umoja wa wakulima wadogo wa chai, pale Tukuyu, juu kidogo ya soko. Mwaka ulikuwa elfu mbili na nne. Ununuzi wa majani ulikuwa umeshatoka mikononi mwa serikali, ukawa wa yeyote mwenye lori na kibali, na mnunuzi aliyepata eneo la Ikuti alitaka majina ya wakulima na mashamba yao yawekwe kwenye kompyuta, ili ayaone kwa njia ya simu akiwa ofisini kwake. Ndiyo maana miaka miwili nyuma ilikuwa imeletwa seva, kompyuta isiyolala, inayokaa kungoja kuulizwa na kompyuta nyingine.

Programu iliyoiendesha haikununuliwa. Iliandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, wakaiacha wazi: mwenye kutaka achukue, mwenye kujua arekebishe. Mwalimu wa Mbeya aliwaambia wanafunzi wake wasidanganyike na neno bure. "Ni kama shamba la kupewa," alisema. "Shamba umepewa, palizi hukupewa."

Esnath alipelekwa kwa mwalimu huyo wiki tatu. Elimu yake ilikuwa darasa la saba, lakini mwandiko wake ulisomeka, na hakuna mtu kijijini kwake, Kyimo nzima, aliyewahi kumsikia akitoa siri ya mwenziwe. Siku ya pili ya mafunzo waliambiwa kila mmoja achague neno la siri la kufungulia mlango wa msimamizi wa seva. Liwe neno ambalo hutalitamka hata ukiwa na homa, hata ukiota. Wengine walikuna vichwa. Esnath hakukuna. Kulikuwa na neno moja tu duniani ambalo tangu aolewe halikuwahi kupita kinywani mwake. Hata jirani aliyeitwa vivyo hivyo yeye alimwita yule wa darajani. Akaliandika jina la baba mkwe wake, herufi ndogo tupu. Kuandika si kutamka, alijiambia. Kwa miaka miwili akaliandika kila asubuhi saa mbili, kabla hajavua koti.

Mwaka wa tatu mzee akaja.

Mwenyekiti Ackson alimkuta amesimama karibu na ubao. Akampa kiti, akamuuliza kama atahitaji chaki. Mzee alisema atahitaji, na kwamba amekuja kwa mada za matumizi na usimamizi wa seva, siku kumi na mbili, saa kumi mpaka saa kumi na moja. Enzi za uhai wake alikuwa katibu wa kwanza wa umoja, na hata wakati huo alizoea kuja bila kualikwa. Alieleza kwamba walioiandika programu hiyo hufanya mkutano kila mwaka, walio hai ukumbi mmoja, waliokufa ukumbi wa pili, na kwamba ukumbi wa pili una maswali mazuri zaidi. Chai ya mapumziko ni mbaya kumbi zote mbili. Hapo watu walicheka, maana ni watu wa chai.

Ackson akabandika ratiba mlangoni, na watu wakaja. Zuber, mwenye duka la fotokopi, aliuliza kwa nini seva hulegea ikifika adhuhuri. Mzee akajibu kwamba imebebeshwa programu zisizotumika; zitolewe, kisha iwashwe upya. Zuber akaandika kwenye bahasha.

Esnath alikaa kwenye gogo lake. Sauti aliisikia, maneno hakuyaruhusu. Yalipotaka kusikika vizuri aliimba puani wimbo wa kanisani mpaka yapite. Roho ilimsuta. Wenzake walidhani mzee amekuja kwa mapenzi ya umoja, lakini yeye alijua aliyemwita. Mtu humwiti kila asubuhi miaka miwili halafu ukashangaa kumwona.

Siku ya nne Veronika, wifi yake, binti wa mzee, alimfuata nyuma ya ofisi mhadhara ulipokwisha.

"Wifi, umeajiriwa kulinda migomba siku hizi?"

"Kaa huko na maneno yako. Leo amefundisha nini?"

"Mlango wa msimamizi. Baba anasema kila seva inao, na mwizi huanzia hapo. Kisha akanitazama mimi, akasema, mwambie yule mama abadilishe neno la siri. Lililopo linajulikana."

Esnath akashika gogo. "Amelitaja?"

"Alitaje mbele za watu, itakuwa siri tena?" Veronika alicheka. "Au umeweka jina la mchumba wako wa Kyela?"

"Nitabadilisha kesho," alisema Esnath.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Aliwasha, akafika kwenye ukurasa wa kubadilishia, akakaa. Utaratibu wa kamati ulikuwa kwamba neno la zamani liandikwe kwenye daftari la mwenyekiti, na mwenyekiti atie saini. Ackson angelisoma. Angejua kwamba mke wa mwana wa fulani amekuwa akilichezea jina la fulani kwa vidole kila siku ya Mungu. Na neno jipya lingekuwa lipi? Alitafuta neno jingine asiloweza kulitamka, hakulipata. Mengine yote alikwisha kuyasema. Akajiambia Jumatatu. Akapangusa vumbi kwenye kioo, akafunga ofisi, akaenda kuwapikia watoto. Hivi ndivyo mambo huharibika, mtu hafanyi ubaya wowote, anasubiri Jumatatu tu.

Jumatatu nayo akasema kesho. Jumanne alikwenda Ikuti kwenye banda la kupimia majani, na karatasi za wiki mkononi. Foleni ilikuwa imefika kwa mama mkwe wake, Ambwene. Bibi huyo aliweka kikapu kwenye mizani. Mshale ukabaki kwenye sifuri.

"Weka kikapu, bibi," alisema karani wa mizani.

"Kiko hapo kinakutazama."

Karani akagonga mizani kwa kalamu. Sifuri. Akapekua orodha iliyotoka kwenye seva, akapekua tena. "Humu jina lako halimo, bibi."

"Basi nimechuma upepo," alisema Ambwene. "Lakini upepo wenyewe umenivunja mgongo."

Nyuma yake walikuwapo wajane wengine wenye mashamba mahali itakapopita barabara mpya, na vikapu vyao pia havikuwa na uzito. Wote pamoja walikuwa thelathini na saba. Hezron, karani wa mnunuzi, alisogea, akashika kikapu cha Ambwene kwa mkono mmoja. Mshale ukaruka mpaka kilo ishirini na nne. Akaandika ishirini na nne kwenye mstari wa mnunuzi, akamshukuru bibi, akaita kikapu kinachofuata. Foleni ikasonga.

Esnath alimfuata penye lori.

"Shemeji, usihangaike na mashine," alisema Hezron kabla hajaulizwa. "Mashine ni nzima."

"Umeingiaje?"

"Mlangoni. Mimi nimeoa hapa hapa, kijiji cha Matwebe. Mke wangu naye ana neno lake asilolitamka. Jumamosi nikajiuliza, mke wa mtu huku kwetu akiambiwa achague siri ya siri zote, atachagua nini? Sikujaribu mara ya pili." Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Ile barabara ilihitaji mashamba yote yawe ya mtu mmoja, na kwenye mashine sasa ni ya mnunuzi. Unarudi mjini? Panda mbele, kuna nafasi."

Esnath alirudi kwa miguu.

Wilayani walisema orodha iliyo kwenye mashine ndiyo orodha, na mwenye malalamiko alete nakala yake. Nakala haikuwapo. Mada ya nakala za akiba ilipangwa siku ya tisa, na kamati ilikuwa imeamua kuisikiliza kwanza ndipo inunue diski. Ackson alisema ni virusi. Veronika alisema ni mvua, imeingia kwenye waya wa simu. Kila mtu alimpa Esnath pole, kwa kuwa mashine ilikuwa mikononi mwake, naye akapokea kila pole.

Siku mbili hakula vizuri. Jioni ya siku ya pili akaenda kwa Ambwene, akamkuta anamenya ndizi. Akapiga magoti mlangoni, akamsalimu kwa lugha ya kwao, akimwita mama.

"Ndaga, juba."

"Ndaga. Mbona huko chini? Ingia, kuna baridi."

"Juba, si mvua. Ni mimi. Neno nililofungia mashine lilijulikana."

"Neno gani?"

"Lile."

"Lile lipi, mwanangu? Maneno ni mengi."

"Lile nisiloweza."

Kisu cha Ambwene kikasimama katikati ya ganda. "Umelitia jina la mume wangu kwenye kompyuta?"

"Kila asubuhi, juba. Miaka miwili. Tena alinionya, nikasubiri."

Ambwene aliitazama ndizi iliyo mkononi mwake. Shamba lake, alilolima tangu harusi, lilikuwa limepotelea humo, lakini silo alilolitaja kwanza.

"Mimi nimemlilia miaka kumi na sita," alisema. "Hakuja hata kuomba maji. Wewe umemwandika tu, amekuja. Tena amekuja kufundisha wanaume kompyuta." Akamaliza kumenya ndizi ile, akaitia chunguni. "Kesho twende wote."

Asubuhi Esnath alilibadilisha neno la siri. Aliliandika lile la zamani kwenye daftari la mwenyekiti, na Ackson akatia saini akitazama pembeni, kwa heshima. Majina thelathini na saba hayakurudi, kwa kuwa mlango uliofungwa leo haumrudishi aliyetoka juzi.

Saa kumi Ambwene aliingia na kuketi mstari wa mbele, na nyuma yake waliketi wajane wenzake, kwa kuwa hawakuwa tena na cha kuchuma. Esnath alikwenda chini ya dirisha, akaupa ukuta mgongo. Ilikuwa siku ya tisa. Mzee aliandika ubaoni: nakala za akiba. Alieleza mahali pa kuziweka, mara ngapi kwa wiki, na kwamba nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu. Alieleza vizuri. Alipomaliza aliuliza kama kuna swali.

Ambwene alisimama. "Jina langu litarudi lini?"

Mzee akaweka chaki chini, akapangusa vidole. Alimtazama mke wake.

"Hilo si swali la seva," alisema.

Zuber akaandika jibu hilo chini ya mengine. Siku kumi na mbili zilipokwisha mzee aliomba nyingine kumi na mbili, na kamati ikakubali, maana seva haikulegea tena hata adhuhuri. Barabara ikapita. Ambwene huja kila siku, huketi palepale, na mada ikiisha husimama na kuuliza swali lake, naye hujibiwa vilevile. Esnath, nje chini ya dirisha, haimbi tena wimbo wowote; husikia kila neno.