Kidole cha Baba

"Tafadhali weka kidole gumba cha kulia kwenye kioo," mashine ilisema tena, kwa sauti ya mwanamke mpole asiyechoka.

Mikono aliitazama tu. Jina hilo walimpa wenzake wa kiwanda cha mbao, enzi akilisha mbao kwenye msumeno kwa kasi ambayo hakuna aliyeiweza. Msumeno ulipoichukua mikono yote miwili, chini kidogo ya viwiko, jina lilibaki. Nani angekuwa na moyo wa kulibadilisha? Tajiri wa kiwanda naye hakumfukuza. Kazi yake sasa ni kuusikiliza msumeno ule ule kutwa nzima na kusema lini meno yake yanolewe.

Mashine ilikuwa mpya, ya serikali, na bango lilisema imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Ngazi za mlangoni zilivunjwa, ukajengwa mteremko wa viti vya magurudumu. Asiyeona alisomewa, asiyesikia aliandikiwa. Walifikiria kila kitu, wakamsahau mtu asiye na kidole.

"Dada, hakuna njia nyingine?" mkewe alimuuliza karani. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, amelala.

"Zamani ningeandika kwa kalamu, mama. Siku hizi kalamu tumenyang'anywa." Karani aliona haya, akashindwa kumtazama. "Bila kidole cha baba, cheti cha kuzaliwa kinajiandika chenyewe: baba hajulikani."

"Hajulikani vipi, na huyu hapa amesimama kama mlingoti?"

Watu kwenye benchi walicheka. Mikono naye akacheka, kisha akaacha.

"Akienda shule wataliona hilo," mkewe alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Watamwita mtoto wa kuokota."

Karani akamtupia jicho mwanamume aliyeegemea ukuta. Ndiye aliyemfungulia Mikono milango yote tangu asubuhi.

"Yule ni nani wako?" alimuuliza Mikono.

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Basi aweke yeye kidole, aandikwe yeye baba. Damu si ni ile ile? Mchana mko nyumbani na cheti chenu. Nani atauliza?"

Mdogo mtu hakusogea. Siku ile kiwandani, yeye ndiye aliyewasha msumeno, akidhani kaka yake amekwisha kuutoa ubao uliokwama. Tangu hapo humnyoa ndevu, humfunga vifungo, na shemeji akiwa hayupo humlisha. Hawajawahi kulizungumza. Jambo lenyewe hukaa katikati yao kila wanapokula, kama mgeni asiyejua kuaga.

"Nenda ukaweke," Mikono alimwambia.

"Siweki, kaka."

"Miaka yote hii nimewahi kukuomba nini?"

"Hujaniomba kitu. Ndicho kinachoniua." Alitoa mikono mifukoni, akaitazama kama vitu vya kuazima. "Mikono yako nilishaichukua. Na mtoto nimchukue?"

Mke akageukia ukuta, akaanza kumbembeleza mtoto ambaye hakuwa analia.

Mikono akarudi mbele ya mashine. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Vidole bado vilikuwapo. Vilimwasha, na hakuwa na pa kujikuna. Mvua ikikaribia, viungo vyake viliuma kimoja kimoja. Na kila alipomkumbatia mwanawe kwa hivi vipande alivyobakiziwa, viganja viliuhisi utosi ukipwita.

Akainua mkono wa kulia, shati limekunjwa na kubanwa pini na mdogo wake. Aliusogeza mpaka ukawa juu ya kioo, lakini hakukigusa. Aliacha nafasi ya kutosha mkono wa mtu mzima. Kisha taratibu akashusha kile ambacho yeye peke yake alijua anacho.

Kioo kilikuwa cha baridi. Akabonyeza.

"Kaka, unafanya nini?" karani aliuliza, akainuka kitini.

Mikono akazidi kubonyeza. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Chini ya mkono wake, pale pasipokuwa na kitu, taa ya kijani ikawaka.

"Tafadhali," mashine ilisema, "usitikise kidole."