Nina Karamu Mpya

Jumatatu, kipindi cha pili, Mwalimu Atuganile alikuwa akiwasomea imla darasa la nne katika shule moja ya msingi huko Mbagala. Wanafunzi mia moja thelathini na wawili, madawati ishirini na nane, waliobaki sakafuni wakiandikia magotini. Sentensi ya tatu ilikuwa "Nina kalamu mpya." Aliisoma mara mbili, polepole, kama walivyoelekezwa kwenye semina ya ujumuishi, ile ya kutomwacha mtoto yeyote nyuma. Jesca, aliyekaa chini karibu na mlango, akaandika "Nina karamu mpya," akaweka nukta.

Sinia la pilau likatua mbele yake, la moto, kachumbari pembeni na ndizi mbivu juu. Mvuke ukapanda taratibu, ukauzunguka ubao, ukatokea dirishani. Waliokuwa karibu wakaenda bombani kunawa.

"Madamu, Jesca kakosea," alisema kiranja, mdomo umejaa.

"Nimeona," akasema Atuganile. Akavuta kiti, akamega na yeye.

Kwa Atuganile jambo hilo halikuwa geni. Kwao Tukuyu ulimi unaelemea upande wa pili. R haikai mdomoni, inageuka l. Mwaka aliopata kipaimara aliwaandikia majirani kwa mkono wake, "Karibuni kwenye kalamu." Wakaja na nguo zao za kanisani, wakakuta meza imejaa kalamu, za buluu na nyekundu, boksi tano. Wakachukua mbili mbili, wakashukuru, wakarudi makwao na njaa.

Jesca kwao ni Kasulu. Mama yake, Anjelina, anauza mafuta ya mawese pale sokoni Rangi Tatu, na mtaani wanamwita Mrundi mpaka mafuta yanapowaishia majumbani; hapo anakuwa mama. Mtoto alikuwa ameingia shuleni kila siku tangu darasa la kwanza, ila rejesta ilikuwa na majina mia moja thelathini na moja. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Na Ijumaa hiyo majina ya watakaofanya mtihani wa darasa la nne yalikuwa yanafungwa. Asiye na jina hafanyi, na asiyefanya haendi la tano.

Jumanne, baada ya vipindi, Atuganile akamfuata Anjelina kwenye meza yake.

"Mama Jesca, cheti vipi?"

"Mwarimu, nimechoka. Nimekwenda ofisini, wanasema rete cheti cha baba yake. Nikareta maerezo, wanasema rete cha babu." Anjelina alifuta chupa kwa kanga. "Babu yake mkubwa ariretwa na treni kukata mkonge. Aripewa namba. Namba tunayo, mia sita na kumi na saba. Wanataka hiyo?"

Hawakuitaka. Nchi hii iliwahesabu manamba mpaka meno, mkonge ukasafirishwa, na leo inawauliza wajukuu wao wamefikaje.

Jumatano Atuganile aliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Albano, ambaye tangu Jumatatu alikuwa haendi tena kula kwa mama ntilie, pilau la Jesca likimtosha.

"Mkuu, yule mtoto aandikwe."

"Ataandikwa. Kesho wageni wa semina wanakuja kuona ujumuishi wetu. Mwambie aandike vilevile."

"Mie nilipanga leo nimfundishe l."

"Mwalimu Atu, kwenye semina ulikwenda kusinzia? Si tuliambiwa tusimwaibishe mtoto kwa lafudhi ya kwao? Mwache alivyo. Ndiyo ujumuishi huo."

Atuganile alifungua daftari lake la semina. Sentensi ilikuwepo, kwa mwandiko wake. Iliendelea, "bali tumfundishe," lakini Mkuu alikuwa ameshatoka kwenda kuazima sahani.

Alhamisi wageni arobaini walikaa chini ya turubai. Jesca akaandika sentensi yake mara kumi na moja, na kila nukta ikaleta sinia. Harufu ya iliki ilijaa uwanja mzima. Paka wa Mbagala wote walikuja wakakaa kwa mistari, kimya. Mkufunzi, mwanamama mpole aitwaye Clara, alipiga picha na kuinama.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Jesca."

Clara akaandika.

Wageni walipoondoka, Atuganile alimkalisha Jesca kwenye kiti chake mwenyewe.

"R inagonga halafu inakimbia. L ukishaigusa, inakaa. Ulimi weka hapa, nyuma ya meno. Utulize."

"Ikikaa haiurizwi cheti?"

"Haiulizwi. Sema tena."

Walikaa hapo mpaka ulimi ulipotulia.

Ijumaa asubuhi, mbele ya darasa, Jesca akaandika "Nina kalamu mpya." Hakuna mvuke. Kalamu moja ya buluu ilidondoka kutoka hewani, ikabingirika, akaidaka. Kiranja akaguna. Jesca akatoka, akaingia ofisini, akafungua rejesta na kuandika jina lake mstari wa mia moja thelathini na mbili, kwa mwandiko uliolala vizuri.

Mkuu alifika saa nne, amekunja mikono ya shati.

"Chakula kiko wapi?"

"Mtoto amejua kuandika, Mkuu," alisema Atuganile.

Albano aliitazama rejesta. Akachukua rula, akalikata jina kwa mstari mmoja, taratibu, asiharibu karatasi.

"Basi, kama ameshajua kuandika," akasema, "shule anatafuta nini tena?"

Saa tisa majina yakatumwa wilayani. Yalikuwa mia moja thelathini na moja.

Mwezi uliofuata ripoti ya semina ilikuja, karatasi nzuri ya kung'aa, ikabandikwa ukutani ofisini pamoja na cheti cha shule ya mfano. Kulikuwa na picha ya Jesca na sinia lake. Chini yake waliandika: *Jesca (si jina lake halisi) akifurahia ujumuishi.*

Atuganile akachukua kalamu nyekundu, akayakata maneno yaliyo ndani ya mabano. Asubuhi akakuta yamerudi, safi. Akayakata tena. Kila siku anayakata kabla ya kengele, na kila asubuhi yamerudi. Walimu wenzake wanamsalimu, wanapita kwenda kusaini mahudhurio.