Watoto wa Ziwa Moja

Najiya aliwanyonyesha watoto wawili kwa wakati mmoja: Sabti, mwanawe wa kumzaa, na Jasib, mtoto wa jirani aliyefiwa na mama siku aliyozaliwa. Jasib alikua akawa mkuu wa mkoa, huko kwao kando ya mto Furati, na maadui hakuwakosa. Lakini kila alipokuja kula kwa Najiya aliwaacha walinzi barabarani. Hakuna aingiaye na silaha kwa mama aliyemnyonyesha.

Ndugu hao walikuwa hawasemezani tangu Jasib alipoufunga mfereji wa mashamba ya kina Sabti. Kwa hiyo Sabti alipomwomba mama yake ampigie Jasib simu, aje wapatane, Najiya alilia kwa furaha. Akaoka mkate, akabanika samaki.

Jasib alifika adhuhuri, mkononi dawa ya magoti ya mama. Akamtania Sabti, "We bonge, zamu yangu ya ziwa uliinyonya wewe." Sabti akacheka kidogo, akasema anakwenda kuleta ndimu.

Hakurudi. Risasi ilipita dirishani wakati Jasib ameinama kummiminia mama maji ya kunawa, ikatoboa ukuta. Ya pili ilipolia, alikuwa ameshamlalia Najiya kumkinga. Walinzi walimkamata aliyefyatua kwenye matete, naye hakuchelewa kusema ni nani aliyemleta.

Jasib akamwinua mama, akampangusa vumbi usoni kwa kilemba chake. Ndipo akauliza, taratibu, "Simu ulinipigia wewe, mama. Ulijua?"

"Sikujua, mwanangu."

Walinzi walimkodolea macho yule bibi.

Simu ya Najiya ikalia. Alikuwa Sabti, ana haraka: yuko kwa mama mdogo Fadhila, apelekewe nguo, asiambiwe mtu. Tena hajavunja mwiko wa kumdhuru mtu uliyekula naye. "Sikumega mkate naye, mama. Ndiyo maana nilitoka mapema."

Najiya aliutazama mkate, mzima bado kwenye sinia. Kumbe mwanawe alifikiria yote, hata hilo. Mama yake tu ndiye ambaye hakumfikiria.

"Na ziwa langu, Sabti? Hukunyonya naye?"

Sabti akakata simu.

"Nani huyo?" Jasib aliuliza.

Najiya akaiweka simu chini. "Ndugu yako. Yuko kwa Fadhila. Niletee hai."

Jasib akambusu kichwani, na Najiya akajua kwamba sasa anamwamini. Lakini kuhusu kumleta hai, Jasib hakusema neno. Magari yakaondoka.