Mke Mwenzangu wa Mafuta Mazito

Mimi niliolewa uke wenza bila kuambiwa. Mwenzangu alikuwa mashine ya umeme ya mafuta mazito, hatua hamsini kutoka jikoni kwangu, upande wa chini wa mtaa wa Shieywe. Kabla ya uhuru mji mzima wa Kakamega uliitegemea, na mume wangu Phineas ndiye aliyeilisha, akaisafisha, akaisifu. Mimi sikusifiwa hivyo hata siku ya harusi.

Mwaka wa pili wa uhuru, nguzo zikatufikishia umeme wa maji kutoka Jinja, kule Uganda. Ulikuwa mwingi na wa bei nafuu, kwa hiyo amri ikaja: mashine ikae baridi, iwashwe tu laini kubwa ikikatika. Phineas hakubishana. Lakini kila siku saa tisa alasiri alikwenda kuwasha jiko la mafuta ya taa chini ya tangi, maana mafuta mazito yakipoa huwa kama uji wa jana, na kuyalainisha ni kazi ya nusu saa. Mvua ya Kakamega ina saa yake, na radi yake hupenda nguzo.

Ndipo akaja Bwana Kipruto, mkaguzi kutoka Nairobi, kuamua kama mashine ibaki au ing'olewe. Phineas alikonda wiki nzima. Nilimhurumia, nikachinja ingokho, kuku wetu wa kumheshimu mgeni.

Kwetu, imondo, ile firigisi ya kuku, ni ya mwenye nyumba; mwanamke haionji. Niliielekeza kwa Phineas kama kawaida. Mgeni, mtu wa Nandi asiyejua mambo yetu, akaichukua, akaiweka pembeni mwa sahani yake, akasema kizuri huliwa mwisho. Phineas alitabasamu, lakini mimi namjua. Alikuwa anawaza kwamba aliyechukua imondo atachukua na mashine.

Saa ikagonga tisa. Mwenye nyumba haachi mgeni mezani, basi Phineas akabaki kuufinyanga obusuma, ugali wetu, vidoleni bila kuuchovya. Nikasema naenda kuongeza mboga. Nilipotoka nilikaza mwendo mpaka kwa mke mwenzangu, nikawasha jiko, nikamwambia leo asiniaibishe.

Bwana Kipruto alipenda kula na kuongea, nikashukuru, maana mafuta yalipata nusu saa yake. Alikuwa kwenye sahani ya pili mvua iliposhuka. Radi ikapiga, redio ikanyamaza.

Phineas aliinuka polepole kama mtu anayekwenda matangani. Mkaguzi alimfuata, saa mkononi, nami nyuma yao. Phineas akagusa tangi. Akageuka akanitazama, na sijasahau jicho lile. Kisha akaizungusha mashine, ikakohoa mara mbili, ikanguruma. Dakika nne hazijaisha, taa za mji zilikuwa zimerudi.

Bwana Kipruto naye akaweka kiganja kwenye tangi. Akauliza ni nani aliyevunja amri. Phineas alifungua mdomo, nikamtangulia.

"Yeye anapashanga kila siku. Leo ni mimi. Mvua yetu haingojangi barua ya Nairobi."

Mkaguzi akatazama nje, akauliza kama hunyesha hivi kila siku. Phineas akajibu kwamba saa hii hii. Yule bwana akaitazama saa yake, kisha mashine.

"Umeme wa Jinja ni mwingi, lakini uko mbali," alisema. "Huyu ndiye wa karibu. Atabaki, na mtampasha kila alasiri. Nitaandika hivyo."

Tuliporudi mezani, ulimi wangu haujui kukaa, nikamweleza mgeni habari ya imondo. Alijicheka mpaka akafuta macho, akairudisha kwenye sahani ya Phineas.

Phineas hakuila. Aliisukuma mpaka kwangu, mbele ya mgeni, yeye ambaye mama yake mzazi alizeeka bila kuionja.

"Kula, Mama Kageha," alisema. "Leo mwenye nyumba ni wewe."

Ilikuwa imepoa na ngumu, na niliila yote.