Aliyeikalia Roketi

Walimu wana ugonjwa mmoja, nami nausema kwa mapenzi kwa sababu ndio walionifundisha kusoma: wakikutana watatu, huchagua mwenyekiti, wakifika wanne, huunda kamati. Kwa hiyo walimu ishirini wa sayansi walipokusanyika kwenye chuo kimoja upande wa Hombolo, Septemba ya mwaka 1996, kwa kambi ya wiki moja ya kujifunza mambo ya anga kwa vitendo, hakuna aliyeigusa anga mpaka kamati ilipopatikana. Siku ya kwanza ikaishia hapo.

Mwenyekiti akawa Mwalimu Respicius, mtu wa suti ya kaunda na kalamu tatu mfukoni, aliyeamini kwamba hata jua huchomoza kwa mujibu wa ratiba.

Mwalimu Edina wa Chemba hakutaka cheo. Alitaka darubini. Ilikuwa moja tu, zawadi ya wafadhili, imelala ndani ya sanduku jekundu mezani kwa mkufunzi, na ingechukuliwa na mwalimu ambaye roketi yake ingepaa juu kuliko zote siku ya kufunga kambi. Kila alipopita karibu na sanduku lile Edina alilipapasa kidogo, kama mtu anayepima joto la mtoto.

Alikuwa na sababu. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amewaambia watoto wa darasa la tano kwamba mwezi una milima na mashimo. Mwalimu Mkuu wake, Mzee Bartolomayo, akasikia akiwa dirishani. Kesho yake, mbele ya shule nzima iliyopanga mistari, mzee akatangaza kwamba yeye ameuona mwezi kwa miaka hamsini na minne, na ni laini kama ugali uliopakuliwa na mtu anayejua kazi. Shule ikacheka. Darasa la tano nalo likacheka, na hicho ndicho kilichomuuma Edina mpaka chakula kikamshinda. Akawaambia: "Nitawaletea kitu muone wenyewe. Nikirudi mikono mitupu, niiteni mwongo." Sasa hapo utarudije mikono mitupu?

Roketi zenyewe zilikuwa chupa za plastiki za soda, zile zilizoanza kujaa madukani tangu biashara iwe ruksa. Unatia maji robo chupa, unaziba mdomo kwa kipande cha kandambili kilichotobolewa na kupachikwa valvu ya baiskeli, unaisimamisha kichwa chini, unaibana shingo isitoroke, kisha unajaza upepo kwa pampu. Ukiiachia, maji yanatoka chini kwa hasira na chupa inakwenda zake mbinguni. Mkufunzi wao, Octavian, kijana mpole wa chuo kikuu, aliwafundisha hayo kwa siku tatu na kurudia jambo moja mpaka sauti ikamkauka: "Upepo tunajaza dakika ya mwisho, walimu wangu. Dakika ya mwisho."

Majaribio yakafanyika, roketi nne bora zikapatikana: ya Edina, ya Mwalimu Masudi, ya Mwalimu Ritha, na ya mwenyekiti mwenyewe, iliyopakwa rangi za bendera.

Usiku wa kuamkia siku ya kufunga, kamati ikakaa.

"Mgeni rasmi hawezi kusimama juani akitutazama tunapampu kama mafundi baiskeli," alisema Respicius. "Mgeni anaandaliwa. Mkeo anaanza kusonga ugali mgeni akishanawa?"

Walimu wakacheka, wakapiga makofi, na azimio likapita bila kupingwa. Octavian aliinua mkono, lakini hakuwa mjumbe. Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi kesho yake saa tatu asubuhi roketi zote nne zilikuwa zimejazwa upepo, zimepangwa uwanjani zinameremeta, zinamsubiri Mama Dorothea, mkubwa mmoja wa elimu, aliyetarajiwa saa nne. Saa nne ikafika bila Mama. Saa tano ikafika. Jua la Dodoma la mwezi wa tisa unalijua, halina itifaki, nazo chupa zikaanza kuvimba na kulia nyii, nyii.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ya Mwalimu Masudi ilianza kuvuja taratibu, ikanywea, ikalala ubavu kwa aibu. Ya Mwalimu Ritha ilifyatuka katikati ya mazoezi ya kwaya ya makaribisho, ikaipitia sauti ya tatu yote, ikatua kwenye sufuria la pilau. Ya mwenyekiti ilikuwa imebanwa kwa kamba ya katani, na mbuzi mmoja wa jirani akaona hiyo ndiyo riziki yake ya leo. Alitafuna, akatafuna, kisha kukasikika mshindo, bendera ikaruka upande wa bwawa, na mbuzi akakimbia hadi leo hajulikani alipo.

Ikabaki moja.

Edina alikuwa ameibana ya kwake kwa spoku ya baiskeli iliyokunjwa, mwisho wa spoku ameuweka chini ya ubao, na ubao ameukalia yeye mwenyewe. Uzito wake, ambao wifi zake waliusema kila sikukuu, leo ulikuwa na kazi. Alikaa saa nne mfululizo. Hakunywa maji, maana angelazimika kwenda msalani. Walimletea zabibu, akazikataa pia, akihofia kuchekeshwa na mtu akiwa anatafuna. Niliposimuliwa nilimwonea huruma, nakiri, lakini pia nilicheka.

Saa saba na robo Landrova ikaingia na vumbi lake. Kwaya ikalipuka. Walimu wote wakasimama wima, isipokuwa mmoja.

Mama Dorothea alishuka, mwanamke mnene mwenye kilemba kirefu cha buluu, akaanza kupeana mikono. Respicius akamfuata na risala yake ya kurasa kumi na moja. Wakafika mbele ya Edina.

"Shikamoo, Mama," alisema Edina, akiwa chini.

"Marahaba," alijibu Mama, akishangaa. "Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Nina roketi."

Respicius aliona dunia inaporomoka. Mtu ameketi mbele ya mgeni rasmi! Akasahau spoku, akasahau upepo, akasahau semina nzima, akaitoa ile sauti ya kwenye mstari wa asubuhi:

"Simama!"

Fikiria sasa. Mtu amesimama kwa neno hilo miaka kumi na mitatu akiwa mwanafunzi, na kuwasimamisha wengine miaka kumi na miwili akiwa mwalimu. Kichwa cha Edina kilikataa. Miguu haikukiuliza kichwa. Ikasimama.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Chupa ilipasua hewa, maji yakamwosha mwenyekiti na kurasa zake zote kumi na moja, kilemba cha Mama kikang'oka, na roketi ikapanda, ikapanda, ikawa nukta, ikapotea. Watu walisubiri ishuke. Walisubiri sana. Mwishowe ilisikika ikigonga bati la bweni la mbali.

Edina akaanza kulia. Hakulia kwa hofu. Alikuwa ameiona darubini ikiondoka na ile chupa.

"Roketi hii haihesabiki, Mheshimiwa!" alifoka Respicius, maji yakimtiririka. "Kurusha ni kipengele cha tisa! Tulikuwa kipengele cha pili! Risala haijasomwa!"

Mama Dorothea alijifuta uso. Akaiomba ile ratiba, akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Hapa mwenyekiti umeandika: 'Mshindi ni roketi itakayopaa juu kuliko zote mbele ya mgeni rasmi.' Zimepaa ngapi mbele yangu?"

Octavian, aliyekuwa amevumilia tangu usiku, akainua tena mkono. "Moja, Mama."

"Basi. Mleteeni sanduku lake. Na risala tutaisoma ikikauka."

Walimu walipiga makofi kuliko siku zote za kambi, na sidhani kama ni kwa ajili ya roketi peke yake.

Jumatatu jioni, jua likiwa limezama tu na mwezi nusu umekaa juu ya Chemba, darasa la tano lilipanga mstari uwanjani. Mzee Bartolomayo alidai kutazama kwanza, kwa sababu ya cheo. Akainama, akaweka jicho. Dakika zikapita. Watoto wakaanza kusukumana.

"Ipo," alisema hatimaye, bila kutoa jicho. "Milima ipo. Na mashimo. Wewe mtoto wa watu, kumbe..." Akaendelea kutazama.

Edina alimsubiri kadiri heshima ilivyomruhusu. Kisha akavuta pumzi.

"Simama!"

Mzee akakurupuka, akanyooka wima, mikono ubavuni.

"Wenzako wanasubiri, Mwalimu Mkuu."

Bartolomayo akawatazama watoto, akamtazama Edina, kisha akaenda taratibu hadi mwisho wa mstari, nyuma ya darasa la tano lote, akapanga foleni upya.